Mzigo wa Ndege Ndogo: Si Uzito Tu, Bali na Mahali Unapokaa

Wakazi wa Kipawa, Kiwalani na Yombo Vituka wameizoea sauti ya ndege ndogo. Kutwa nzima ndege zenye injini moja au mbili huruka kutoka Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere, zikielekea Unguja, Pemba, Mafia na viwanja vya udongo vilivyoko katika mbuga za wanyama. Ndege hizo hutumia jengo la zamani la abiria, lile lililokuwapo kabla ya jengo la pili kufunguliwa mwaka 1984 na la tatu mwaka 2019. Abiria anayesafiri kwa ndege hizo kwa mara ya kwanza hukutana na mambo asiyoyatazamia. Huambiwa kwamba mzigo wake usizidi kilo 15 na uwe katika mfuko laini, si sanduku gumu. Baada ya mzigo kupimwa, huenda naye mwenyewe akaombwa apande juu ya mizani. Kisha, wakati wa kuingia, rubani humwelekeza kiti cha kukaa, na pengine humtenga mume na mkewe, mmoja akakaa mbele na mwingine nyuma.

Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa ni fedheha. Wapo wanaotaja kilo pungufu wanapoulizwa uzito wao, na wapo wanaoupitisha mkobani mzigo ambao haukupimwa, kwa kuamini kwamba kilo tano haziwezi kuidhuru mashine yenye nguvu kama ile. Imani hiyo si sahihi. Ndege ndogo huruka kwa mizani, na mizani hiyo ina mambo mawili: kiasi cha uzito, na mahali uzito huo ulipowekwa. Watu wengi hulifahamu jambo la kwanza. La pili halifahamiki sana, na ndilo lenye hatari iliyojificha, kwa sababu ndege yaweza kuwa na uzito ulio chini ya kikomo chake na bado isifae kabisa kurushwa.

MKOKOTENI WA TANDIKA

Kanuni yenyewe si ngeni. Mtu yeyote aliyepata kuwatazama vijana wa mikokoteni katika masoko ya Tandika, Temeke au Manzese ameiona ikifanya kazi. Mkokoteni una magurudumu mawili na ekseli moja katikati. Magunia yakirundikwa mbele mno, mishikio huelemea chini na mvutaji huchoka kabla hajafika mbali. Yakirundikwa nyuma mno, mishikio huinuka, na mvutaji aliye mwepesi huweza kunyanyuliwa miguu yote miwili ikaacha ardhi. Mpakiaji mzoefu huyapanga magunia hivi kwamba uzito wake unakaribiana na ekseli na kuelemea mbele kidogo tu. Magunia ni yale yale na uzito ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali yalipowekwa.

Kila kitu kina sehemu moja ambapo uzito wake wote waweza kuhesabiwa kana kwamba umekusanyika hapo. Sehemu hiyo huitwa kitovu cha uzito. Rula ikilazwa juu ya kidole ikatulia bila kuinama upande wowote, kitovu cha uzito wake kiko juu ya kidole hicho. Sarafu ikiwekwa kwenye ncha moja ya rula, kitovu husogea kuelekea kwenye sarafu, na kidole hapana budi kisogee pia.

Ndege iliyo angani haina ekseli wala ardhi ya kuikanyaga. Inabebwa na hewa inayopita juu na chini ya mabawa yake. Kwa hiyo nguvu ya kunyanyua inayotokana na mabawa lazima ipatane na kitovu cha uzito, na tofauti ndogo iliyopo kati ya hayo mawili husawazishwa na mkia.

KAZI YA MKIA

Watu wengi hudhani kwamba bawa dogo lililo mkiani nalo huinyanyua ndege. Katika ndege ndogo za kawaida, aghalabu kazi yake ni kinyume cha hivyo: mkia husukuma chini. Ndege hizo hupakiwa hivi kwamba kitovu cha uzito kiko mbele kidogo, na kwa hiyo pua ya ndege hutaka kuinama. Mkia ukisukuma chini kwa nyuma, pua huinuka, na ndege husafiri ikiwa sawa. Rubani anapovuta usukani huongeza msukumo huo, na anapousukuma mbele huupunguza.

Mpango huu una hekima ndani yake, nayo ni hekima ya mshale. Mshale una chuma kizito mbele na manyoya mepesi nyuma. Upepo ukiupiga ukapinda, manyoya huurudisha katika njia yake bila kuhitaji mkono wa mtu. Ndege iliyopakiwa vema hufanya vivyo hivyo. Upepo wa ghafula ukiinua pua yake, nguvu mpya ya hewa inayotokea katika mabawa na mkia hufanya kazi nyuma ya kitovu cha uzito, ikaunyanyua mkia na kuishusha pua mahali pake. Rubani aweza hata kuuachia usukani kwa kitambo, na ndege ikajisawazisha yenyewe.

Lakini mzigo ukisogezwa nyuma, kitovu cha uzito husogea nyuma pamoja nao, na uwezo huo wa kujirudi hupungua. Kikisogea nyuma mno, huisha kabisa. Hapo upepo ukiinua pua kidogo, ndege huendelea kuiinua zaidi. Mshale umegeuzwa, manyoya yako mbele.

UZITO ULIOZIDI

Kabla ya kulitazama suala la mahali, yafaa kueleza madhara ya uzito wenyewe. Gari lililojaa kupita kiasi huchoka, hupinda springi na huchelewa kusimama, lakini ardhi huendelea kulibeba. Daladala ya Mbagala hufika mwisho wa safari ingawa abiria wamesimama mpaka mlangoni. Hewa haina uvumilivu wa namna hiyo. Bawa hunyanyua kwa sababu linakwenda mbele kwa mwendo wa kutosha na kwa kuinuliwa kwa pembe ya wastani. Uzito ukiongezeka, lazima mwendo uongezwe au bawa liinuliwe zaidi. Pembe hiyo ikizidi kiasi cha nyuzi 15 au 16 katika mabawa mengi, hewa hushindwa kuufuata mgongo wa bawa, huvurugika, na bawa huishiwa nguvu ya kunyanyua. Injini yaweza kuwa inanguruma barabara, na bado ndege ikaanguka.

Tuseme ndege yenye viti vinne ambayo, ikiwa na uzito wake halali wa juu kabisa, bawa lake huishiwa nguvu mwendo ukishuka hadi kilometa 98 kwa saa. Ikizidishiwa uzito kwa asilimia 20, mwendo huo wa hatari hupanda hadi kilometa 107 hivi. Maana yake ni kwamba rubani anayetua kwa mwendo aliouzoea hujikuta amekaribia ukingo wa maanguko bila kujua. Urefu wa njia ya kurukia nao huathirika. Kwa makisio yanayotumiwa na marubani, kuongeza uzito kwa asilimia 10 huongeza masafa ya kuruka kwa asilimia 20 au zaidi.

Joto na mwinuko huongeza mzigo usioonekana. Kiwanja cha Dar es Salaam kiko meta 55 tu juu ya usawa wa bahari, lakini adhuhuri ya nyuzi 32 za Selsiasi hewa yake huwa nyepesi kwa zaidi ya asilimia 5 kuliko hewa ya nyuzi 15 ambayo ndiyo kipimo cha kawaida cha wahandisi. Kiwanja cha Arusha kiko karibu meta 1,390 juu ya bahari, na huko hewa ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 15 kuliko ya pwani yenye joto lile lile. Katika hewa nyepesi bawa hunyanyua kidogo, rafadha huvuta kidogo, na injini ya kawaida hupumua kidogo. Ndege iliyoruka Dar es Salaam bila shida ikiwa na watu wanne huenda ikawa haifai kuruka Arusha ikiwa na watu wale wale. Njia kuu ya kurukia ya Dar es Salaam ina urefu wa meta 3,000, na urefu huo huficha makosa mengi ya upakiaji. Viwanja vifupi vya mbugani haviyafichi.

MZIGO WA MBELE NA MZIGO WA NYUMA

Mzigo ukizidi mbele, pua huwa nzito. Mkia hulazimika kusukuma chini kwa nguvu zaidi, na msukumo huo wa chini hubebwa na mabawa kana kwamba abiria mwingine amepanda. Ndege huenda polepole zaidi na hula mafuta zaidi. Hatari kubwa hutokea wakati wa kutua. Rubani huvuta usukani ili ainue pua, lakini mwendo umekwisha kupungua na mkia hauna tena nguvu ya kutosha. Gurudumu la mbele hutangulia kugonga chini, na huweza kuvunjika pamoja na rafadha.

Hata hivyo, ndege yenye pua nzito humwonya rubani. Usukani huwa mzito na ndege hukataa kuinuka, kwa hiyo mara nyingi kosa hugunduliwa ndege ikiwa bado chini.

Mzigo ukizidi nyuma, hali huwa tofauti, tena mbaya zaidi. Ndege hiyo haikatai kuruka. Huruka kwa wepesi unaopendeza, hata kabla rubani hajaivuta. Usukani huwa laini mkononi, na kosa dogo la mkono huleta mwinuko mkubwa. Pua huinuka, mwendo hupungua, na bawa huishiwa nguvu. Ili kujiokoa, rubani hapana budi aishushe pua. Lakini uzito ulio nyuma huivuta juu, na hata akiusukuma usukani mpaka mwisho wake, mkia haumudu. Ndege iliyo katika hali hiyo yaweza kuanza kuzunguka kama pia huku ikishuka, na ikishazunguka huwa vigumu, au haiwezekani kabisa, kuitoa katika mzunguko huo. Hayo yote hutokea karibu na ardhi, sekunde chache baada ya kuruka, wakati ambapo hakuna nafasi ya kurekebisha kitu.

HESABU YA RUBANI

Mtengenezaji wa kila ndege hutoa kitabu kinachoonyesha mipaka ya mbele na ya nyuma ya kitovu cha uzito. Rubani hukitafuta kitovu hicho kwa hesabu nyepesi ambayo mwanafunzi wa shule ya sekondari aweza kuifanya. Huchagua mstari mmoja wa kupimia. Katika ndege ya Cessna 172, ambayo hutumiwa sana duniani kufundishia marubani, mstari huo ni ukuta wa chuma unaoitenga injini na chumba cha rubani. Umbali wa kila kitu kutoka kwenye mstari huo huitwa mkono. Uzito ukizidishwa kwa mkono, jibu huitwa momenti. Momenti zote hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa uzito wote. Jibu ndilo mahali pa kitovu cha uzito.

Katika Cessna 172S uzito wa juu kabisa wa kurukia ni kilo 1,157. Kwa uzito huo, kitovu sharti kiwe kati ya meta 1.04 na meta 1.20 kutoka kwenye mstari wa kupimia. Nafasi hiyo ni sentimeta 16, yaani haitimizi hata shibiri moja ya mtu mzima. Ndani ya shibiri hiyo ndimo usalama wa ndege nzima ulimo.

Mfano wa kwanza ni ndege tupu yenye kilo 750 na mkono wa meta 0.99. Viti viwili vya mbele, vyenye mkono wa meta 0.94, vina watu wawili wa kilo 75 kila mmoja. Viti vya nyuma, vyenye mkono wa meta 1.85, vina watu wawili wa kilo 70 kila mmoja. Nyuma yao, meta 2.41 kutoka kwenye mstari, kuna mizigo ya kilo 20. Mafuta ni lita 100, yaani kilo 72, kwenye mkono wa meta 1.22. Uzito wote ni kilo 1,132, na kitovu kiko kwenye meta 1.13. Ndege iko salama kwa pande zote mbili.

Mfano wa pili ni ndege ile ile yenye mafuta yale yale. Safari hii rubani, mtu wa kilo 60, amekaa mbele peke yake. Abiria wawili wanene, ndugu wapendao kuzungumza pamoja, wamekaa nyuma. Kila mmoja ana kilo 95. Mizigo ni kilo 54, kiasi ambacho sehemu ya mizigo inaruhusiwa kubeba. Hesabu ni hii:

Ndege tupu: 750 × 0.99 = 742.5
Rubani: 60 × 0.94 = 56.4
Abiria wa nyuma: 190 × 1.85 = 351.5
Mizigo: 54 × 2.41 = 130.1
Mafuta: 72 × 1.22 = 87.8
Jumla: kilo 1,126, momenti 1,368.3

Momenti ikigawanywa kwa uzito, kitovu huangukia meta 1.215. Ndege hii ni nyepesi kuliko ile ya kwanza kwa kilo sita. Haikuzidisha uzito, haikuzidisha mizigo, wala haikuzidisha watu. Ina watu watatu tu mahali pa wanne. Hata hivyo imeuvuka mpaka wa nyuma kwa sentimeta moja na nusu, na hairuhusiwi kuruka.

Dawa yake haihitaji kumshusha mtu. Abiria mmoja wa nyuma akihamia kiti cha mbele kando ya rubani, kitovu hurudi kwenye meta 1.14, na ndege huwa salama. Hii ndiyo sababu rubani huwapangia abiria viti, na hii ndiyo sababu hapendi wabadilishane bila kumwambia. Anapowatenga mume na mke, hakusudii kuwaudhi. Ameiona hesabu ambayo wao hawakuiona.

Ikumbukwe pia kwamba hesabu hubadilika ndege ikiwa angani, kwa kuwa mafuta huungua. Katika mfano huu matangi yako karibu sana na kitovu chenyewe, na kuungua kwa mafuta hakubadili kitu kikubwa. Katika aina nyingine za ndege, kama vile baadhi ya Beechcraft Bonanza, matangi yako mbele ya kitovu, na kadiri mafuta yanavyopungua ndivyo kitovu kinavyosogea nyuma. Ndege ya namna hiyo yaweza kuruka ikiwa ndani ya mipaka na kutua ikiwa nje ya mipaka. Rubani hufanya hesabu mbili, moja ya kuruka na nyingine ya kutua.

NGUZO CHINI YA MKIA

Ndege aina ya Cessna Caravan, ambayo ni maarufu katika safari za Dar es Salaam na Unguja, huonyesha kanuni hii kwa macho. Mlango wa abiria uko upande wa nyuma. Wakati wa kupakia, wafanyakazi huweza kuweka nguzo fupi chini ya mkia. Mtu asiyejua huenda akadhani kuwa ndege hiyo ina ubovu. Sababu yake ni kwamba ndege ikiwa chini, magurudumu yake makubwa mawili ni kama ekseli ya mkokoteni. Watu kadhaa wazito wakikusanyika karibu na mlango wa nyuma kabla viti vya mbele havijajaa, uzito hupita nyuma ya magurudumu hayo, pua huinuka na mkia hugonga chini. Nguzo huzuia jambo hilo. Kwa sababu hiyo hiyo wafanyakazi huwaomba abiria waingie kwa zamu, wanaokaa mbele wakitangulia.

Kondakta wa daladala huwahimiza abiria wasogee nyuma ili wengine wapate nafasi, na gari haliharibikiwi na lolote. Ndani ya ndege ndogo amri hiyo hiyo huweza kuleta msiba.

MASOMO YALIYOLIPIWA KWA DAMU

Tanzania inaufahamu msiba wa chombo kilichopoteza mizani, ingawa imeujua zaidi majini. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichotengenezwa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara na kuua watu zaidi ya 200. Maji na hewa vyote viwili havisomi cheti cha chombo. Hupima uzito uliopo na mahali ulipo.

Kwa upande wa ndege, tarehe 25 Agosti 2001 ndege aina ya Cessna 402B iliruka kutoka Marsh Harbour katika visiwa vya Bahamas ikimrudisha Marekani mwimbaji Aaliyah na wenzake. Ilianguka mara tu baada ya kuacha ardhi, na watu wote tisa waliokuwemo walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba ilizidi uzito wake halali kwa kiasi cha kilo 300, na kwamba kitovu cha uzito kilikuwa nyuma ya mpaka. Makosa yote mawili yalikuwa yamekutana katika ndege moja.

Tarehe 8 Januari 2003 ndege ya Beechcraft 1900D iliyoruka kutoka Charlotte, Marekani, iliinua pua kupita kiasi ikaanguka, na watu wote 21 wakafa. Nyaya za usukani wa mkia zilikuwa zimerekebishwa vibaya siku mbili zilizotangulia, hivyo uwezo wa kuishusha pua ulikuwa umepungua. Lakini ndege hiyo pia ilikuwa na uzito uliozidi nyuma. Marubani hawakudanganya. Walitumia wastani wa uzito wa abiria uliokubaliwa na sheria, na kwa karatasi ndege ilikuwa ndani ya mipaka. Wastani huo ulikuwa umepitwa na wakati, kwani abiria walipopimwa baadaye ilionekana kwamba watu walikuwa wamenenepa kuliko ulivyodhani. Baada ya ajali hiyo viwango vilipandishwa. Hapa ndipo inapoonekana faida ya kumpima kila abiria anapopanda ndege ndogo. Katika ndege ya watu 200, mnene na mwembamba hufidiana. Katika ndege ya watu watano, wastani hauna maana.

Mzigo usiofungwa una hatari yake. Mfuko wa kilo 40 uliowekwa mbele kwa hesabu sahihi, ukiteleza hadi nyuma wakati pua inapoinuliwa, huifuta hesabu yote. Hata watu ni mzigo unaotembea. Tarehe 25 Agosti 2010 ndege ya L-410 ilianguka ilipokaribia kutua Bandundu, magharibi mwa Kongo, na kati ya watu 21 akanusurika mmoja tu. Kwa maelezo ya mtu huyo kama yalivyotolewa na magazeti, mamba mdogo aliyefichwa ndani ya mfuko wa abiria alitoka, watu wakakimbilia mbele kwa hofu, na ndege ikapoteza mizani. Mamba mwenyewe hakuwa mzito. Watu waliomkimbia ndio waliokuwa wazito.

WAJIBU WA ABIRIA

Kwa sheria za usafiri wa anga, rubani kiongozi ndiye mwenye wajibu wa mwisho juu ya upakiaji wa ndege yake. Lakini hesabu yake haiwezi kuwa bora kuliko tarakimu anazopewa. Abiria anayetaja kilo 70 naye ana 90 ameingiza uongo wa kilo 20 katika momenti, na akikaa kiti cha nyuma uongo huo huzidishwa kwa mkono mrefu. Kama abiria wanne watafanya hivyo, rubani atakuwa amepewa kwenye karatasi ndege ambayo haipo. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kikijaa humwagika angani.

Yampasa abiria, kwa hiyo, ataje uzito wake kama ulivyo, pamoja na nguo na viatu; auonyeshe kila mzigo, hata ule wa mkononi; akae pale alipopangiwa; afunge mkanda; na asihame kiti bila ruhusa. Mfuko laini hutakiwa kwa kuwa huingia katika nafasi ndogo za mizigo na huweza kufungwa ukatulia, ilhali sanduku gumu hulazimisha liwekwe popote linapoenea. Rubani anayekataa kilo tano za nyongeza, au anayeiacha safari mpaka jua lipungue, astahili kushukuriwa. Ni rahisi kwake kukubali na kuepuka maneno, na mara nyingi angekubali pasitokee lolote. Ugumu ni kwamba hakuna ajuaye mapema ni siku gani lolote litatokea.

JARIBIO LA DARASANI

Walimu wa sayansi waweza kuionyesha kanuni hii kwa karatasi moja ya daftari na vibanio viwili vya karatasi. Wanafunzi wakunje ndege ya karatasi ya kawaida, kisha wairushe kwa nguvu ya wastani bila kibanio, na waandike umbali iliokwenda. Halafu wabane vibanio vyote viwili puani na kuirusha tena. Baadaye wavisogeze katikati, na mwisho wavibane mkiani. Kila hatua irudiwe mara tano, kwa sababu mrusho mmoja hauthibitishi kitu.

Wataona kwamba ndege yenye vibanio puani huinama na kuanguka mapema, na kwamba iko nafasi moja, karibu na katikati lakini mbele kidogo, ambapo huteleza hewani kwa utulivu na kufika mbali. Wakifika kwenye mkia wataona ikiinuka ghafula, ikisimama hewani kwa nukta moja, na kuanguka kinyumenyume. Waulizwe ni nini kilichobadilika kati ya mrusho wa pili na wa mwisho. Karatasi ni ile ile, vibanio ni vile vile, na uzito haukuongezeka hata gramu moja.